Walipima mashamba yetu, majibu yanauzwa dola 35. Nifanyeje?

MamaUgani (Umalila, Mbeya)
Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari za usiku wakuu. Nitaandika kirefu, mnivumilie. Watoto wamelala, bando la usiku ninalo, na hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Mimi ni afisa ugani wa kata huku Umalila, unapandisha kutoka Mbalizi. Mwaka wa kumi na moja huu, na pikipiki ni ile ile. Kata yangu ni viazi, pareto na maharage, na baridi ya Juni ambayo hata mtu wa Mbeya mjini akija huku anaazima koti.

Mwanzoni mwa 2019 walikuja watafiti, gari jeupe, watu watatu: mwalimu wa chuo na vijana wawili, mmoja akisomea uzamili. Walikuwa wanafuatilia mnyauko wa viazi, ule wa bakteria. Wenye viazi mnaujua. Mche unalegea saa sita mchana ukiwa bado wa kijani kabisa, jioni unajikaza kidogo kama unakudanganya, baada ya siku chache umelala moja kwa moja. Ukikata kiazi chake, kwenye ile pete ya ndani unatoka ute mweupe. Dawa ya kupuliza ukapona hakuna.

Siku tisa nilizunguka nao. Mimi ndiye niliyewatambulisha kwa wenyeviti wa vitongoji. Gari liliposhindwa kupanda, mifuko ya udongo nilipakia nyuma ya pikipiki, na mafuta yalikuwa yangu. Wakulima waliacha palizi wakakaa kujibu maswali: una ekari ngapi, mbegu ulitoa wapi, mwaka jana ulipanda nini hapa. Bibi mmoja alitoa viazi vyake alivyoviweka kwa ajili ya mbegu, akaweka dole gumba kwenye karatasi iliyosema matokeo yatarudishwa kwa jamii. Karatasi ile niliwasomea mimi kwa sauti. Kwa hiyo ahadi hiyo ilitoka kinywani mwangu, si mwa chuo.

Basi, kimya. Msimu ukaja, msimu ukaenda, mnyauko haukusubiri mtu. Wakulima wakawa wananiuliza, "Afisa, wale wa udongo wamesemaje?" Baadaye swali likageuka utani. Mtu akikopa asirudishe, kwetu sasa anaambiwa amekuwa wa udongo.

Mwezi uliopita nilikuwa mjini kwenye semina, ukumbi wenye intaneti ya kueleweka. Wakati wa chai nikaandika jina la kata yangu pamoja na neno la Kiingereza la viazi. Ikaja! Makala kwenye jarida la nje, majina ya wale watatu na mengine mawili nisiyoyajua, na jina la kata yetu limeandikwa sawasawa kuliko lilivyo kwenye kibao cha barabarani. Nusura nimwage chai. Muhtasari ni aya moja tu. Unasema njia kuu ya kuenea kwa mnyauko katika eneo hilo imebainishwa. Njia ipi? Bonyeza hapa. Nikabonyeza: dola 35. Kuna na ya kukodi kwa saa 48, bei pungufu, ila huruhusiwi kupakua wala kuchapa. Makala ya kukodi, kama zile kanda za video enzi zetu.

Dola 35 kwa siku ile ilikuwa elfu tisini na kitu. Mkulima wangu msimu uliopita aliuza gunia shambani kwa elfu sitini, tena lile la lumbesa, lililojazwa mpaka limevaa kofia. Yaani bibi yule auze gunia na kofia yake, aongeze na nusu ya la pili, ndipo asome habari za viazi vyake mwenyewe.

Sasa nauliza. Kuna njia halali ya kuipata bila kulipa? Na nikiipata, naruhusiwa kuitafsiri nikawagawia wakulima nakala, au nitaitwa mwizi? Na la tatu, hili ni la hasira tu: nani aliamua mambo yawe hivi?

Dogo wa Kabwe
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mama, unajisumbua bure. Sci-Hub, ile tovuti inayotoa makala za kulipia bila ruhusa. Bandika ile namba ya DOI, namba ya utambulisho wa makala, sekunde tano unayo. Zama hizi nani ananunua makala?

MamaUgani
Jumapili, saa 4:11 usiku

Mwanangu, nimeisikia. Ila mimi nataka kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, mtu akiniuliza nimeitoa wapi, nijibu nikiwa nimeinua kichwa.

Mkutubi
Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Shikamoo kwa wanaostahili. Dada MamaUgani, pole, na umefika kwa mtu wake. Nimefanya kazi kwenye maktaba za vyuo hapa Mbeya na Iringa, na swali lako la kwanza naulizwa karibu kila wiki, ingawa mara nyingi na wanafunzi, si na watu wa shamba.

Nianze na Dogo. Sci-Hub ilianzishwa 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru ailipe Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, dola milioni 15. Msomaji mwenye njaa ya maarifa simlaumu, lakini karatasi itakayogongwa muhuri wa serikali usiijenge juu ya hapo. Halafu kuna jambo la kawaida kabisa: tangu kesi yake ya Delhi, mwishoni mwa 2020, kwa sehemu kubwa ilisimama kuongeza makala mpya. Utafiti wa 2019 ukichapishwa 2021 au 2022, huenda hata haumo.

Sasa njia zilizonyooka. Ya kwanza ni rahisi mno, ndiyo maana watu wanaidharau: mwandikie mwandishi. Kwenye ukurasa ule ule wenye bei, jina moja lina alama ya bahasha. Huyo ndiye mwandishi wa mawasiliano. Mwandikie mistari minne, jitambulishe, taja siku mlizozunguka pamoja. Majarida mengi yanamruhusu mwandishi kumtumia nakala mtu mmoja mmoja anayeomba, na mwandishi hapotezi hata shilingi, kwa sababu katika hizo dola 35 yeye hana fungu. Asipojibu kwa wiki moja, mwandikie wa pili kwenye orodha. Wakubwa wana barua pepe mia tano hazijasomwa, vijana wanajibu.

Ya pili, umesema mmoja alikuwa anasoma uzamili. Tafuta tasnifu yake! Watu wanaisahau hii. Vyuo vyetu vingi sasa vina hifadhi ya kidijitali. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanayo, na wengine wanazo, na tasnifu zinakaa humo wazi. Makala ya jarida imebanwa kurasa kumi. Tasnifu ina mia na zaidi, na nyuma kabisa kuna hata dodoso mliloulizwa. Tafuta kwa jina la kijana, si kwa kichwa cha makala, maana vichwa hubadilishwa.

Ya tatu, kwenye Google Scholar chini ya kila makala kuna kiungo kinachoonyesha matoleo yake yote. Fungua hapo kabla hujakata tamaa. Wakati mwingine toleo moja liko nyuma ya ukuta wa malipo na lingine limelala wazi kwenye tovuti ya chuo. Unpaywall inafanya kazi hiyo hiyo yenyewe ukiiweka kwenye kivinjari cha kompyuta. Inatafuta nakala halali tu.

Ya nne ndiyo kubwa, na hapa nitakaa kidogo. Kuna mpango unaitwa Research4Life. Ndani yake upo AGORA, wa kilimo, ulioanzishwa na FAO mwaka 2003. Wa afya unaitwa Hinari, ulitangulia 2002 chini ya WHO. Wachapishaji wakubwa wanafungua majarida yao bure kwa taasisi za nchi zenye kipato cha chini, na Tanzania imo katika kundi la wasiolipa. Nimesema taasisi, si mtu. Wewe na simu yako hapo Umalila huwezi kujisajili. Lakini taasisi maana yake si vyuo peke yake: vituo vya utafiti, ofisi za serikali, huduma za ugani na maktaba za taifa zinaruhusiwa. Yaani ofisi ya kilimo ingeweza kujisajili, ikapata jina la kuingilia na nywila, na maafisa ugani wote wakasoma bila kulipa senti. Nimewaambia watu hili kwenye semina tatu. Wanaandika kwenye daftari, wanafunga daftari.

(Wazee wa kazi hii watakumbuka TEEAL, maktaba ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Cornell iliyotoka 1999 ikiwa rundo la CD. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, lakini ulikuwa na majarida kabatini. Mimi nilizipenda zile CD kuliko mtandao wa sasa, mtanisamehe.)

Swali lako la pili. Hakimiliki inalinda maandishi, mpangilio, michoro. Hailindi ukweli uliogunduliwa. Kutafsiri makala nzima na kuigawa bila ruhusa, hapana, isipokuwa iwe na leseni ya Creative Commons inayoruhusu. Ukiona alama ya CC BY, tafsiri, chapa, bandika hata kwenye mti, mradi utaje waandishi. Lakini ukiisoma, ukaielewa, ukakaa ukaandika kwa maneno yako kwamba mnyauko unaenea hivi na hivi, kama walivyobaini fulani na fulani, hiyo ni kazi yako na hakuna wa kukushika.

La tatu, la hasira, namwachia mtafiti yeyote aliyemo humu ajibu. Najua wamo, wanasoma kimya kimya.

Mchimba Udongo
Jumatatu, saa 2:30 usiku

Haya, nimejitokeza. Niko Iringa, nafundisha na kutafiti, na bandiko hili limenitia aibu kwa sababu mimi nami ni wa udongo. Si niliyekuja kwako dada, lakini nina vijiji viwili vya Kilolo ambavyo vikisoma hapa vitajua ni nani.

Umetaja lumbesa. Basi sisi ndio tunaoijaza. Utafiti tumeufanya kwa pesa ya wafadhili au ya umma. Makala tunaiandika bila malipo. Jarida linaipeleka kwa wanataaluma wenzetu waihakiki, nao wanahakiki bure, usiku, kama mimi wiki iliyopita. Ikikubaliwa tunasaini fomu ya kukabidhi hakimiliki. Kisha maktaba ya chuo chetu inaambiwa inunue. Gunia letu, kofia yetu, na kamba tumeifunga wenyewe. Elsevier, kwa taarifa za kampuni mama yake RELX, inabakiza faida inayozidi asilimia 30 ya mapato. Nitajieni dalali wa viazi soko la Mwanjelwa anayefika hapo mwaka baada ya mwaka.

Mtasema, si mgome? Watu waligoma. Mwaka 2002 kulitolewa tamko la Budapest, likasema machapisho ya kitaaluma yasomwe bure na kila mtu kwenye intaneti. Ndipo maneno ufikiaji huria yakaenea. Tatizo ni kwamba mlango ulipofunguliwa upande wa msomaji, bei ilihamia upande wa mwandishi. Jarida huria la PLOS Biology lilipoanza 2003 lilitoza mwandishi dola 1,500. Jarida la Nature kuanzia 2021 lilitangaza euro 9,500 kwa makala moja. Mara mbili nimesimama mbele ya ukurasa wa malipo wa jarida la kawaida tu, dola elfu mbili na ushee, nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai ya tangawizi. Wachapishaji wengi wanasamehe ada kwa waandishi wa nchi zilizo kwenye lile kundi alilotaja Mkutubi, ni kweli. Lakini mara nyingi sharti waandishi wote watoke huko. Ukiwa na mwenza mmoja wa Ulaya, na pesa za utafiti zilitoka kwake, msamaha umeota mbawa. Dada, umesema kuna majina mawili usiyoyajua. Nahisi ndiyo hayo.

Na kupanda cheo kunategemea umechapisha jarida gani. Ningeandika kijitabu kizuri cha Kiswahili kwa wakulima wa Kilolo, kwenye fomu ya tathmini kingekaa sehemu ya mwisho, karibu na michezo.

Nikiri na hili, maana limenigharimu. Mwaka 2016 nilikuwa na haraka ya kupanda. Nikapata barua pepe tamu ya jarida fulani, "Mpendwa Profesa Mashuhuri," na wakati huo hata udaktari sina. Nikalipa dola 150. Makala ilikubaliwa siku ya nne, bila mhakiki kugusa hata nukta. Leo tovuti haipo na makala haipo. Utafiti wa miaka miwili umezikwa na matapeli na mimi ndiye niliyelipia jeneza. Vijana, kabla hamjatuma kitu angalieni kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Lund, Sweden, 2003. Au kwenye AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililopo tangu 1998. Huko utakuta mengi yasiyomtoza msomaji, na mengine hayamtozi hata mwandishi. Brazil walifanya jambo hilo kwa nchi nzima, SciELO, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa pesa ya umma, na wanachapa kwa Kireno chao bila kuona haya.

Kitu ambacho sikuwa nimekifanya, na hakihitaji pesa: majarida mengi ya kulipia yanakuruhusu kuweka toleo lako la mwisho lililokubaliwa, kabla halijapambwa na mchapishaji, kwenye hifadhi ya chuo, mara nyingi baada ya miezi kumi na miwili. Haki hiyo ninayo miaka yote na sikuitumia. Leo mchana nimekaa nikapakia makala mbili. Dakika arobaini, hakuna zaidi. Ya tatu imenishinda, faili liko kwenye kompyuta iliyoungua na umeme 2020.

Mzee wa Viazi, Njombe
Jumanne, saa 12:15 asubuhi

Nawasalimu nyote. Mimi ni mkulima, nimestaafu ualimu. Wanangu, mnatafuta ufunguo wa nyumba ambayo mwenyeji wake haongei lugha yetu. Hata ikifunguliwa bure leo, imeandikwa kwa Kiingereza cha maabara. Mjukuu wangu wa kidato cha sita nilimpa ya bure moja anisomee, akafika mstari wa tatu akaniambia, babu, hiki ni Kiingereza cha wenyewe.

Maharage ya kituo cha utafiti cha Uyole tuliyajuaje? Njano Uyole, Uyole 96, zote hizo sikusoma kwenye jarida. Zilikuja na mbegu mkononi, shamba darasa, na mtu amesimama kwenye viwanja vya Nane Nane pale John Mwakangale anaeleza kwa Kiswahili mpaka umeelewa, na usipoelewa unamwuliza tena. Sisemi majarida yafe. Nauliza, mtafiti anapopewa pesa, ile ya kurudi kijijini kusema imeandikwa kwenye bajeti, au inaandikwa nauli ya kwenda mkutano Nairobi?

Mchimba Udongo
Jumanne, saa 1:02 asubuhi

Mzee, shikamoo. Ya Nairobi.

Na hata ninapotaka kuandika kwa Kiswahili, majarida ya kitaaluma ya Kiswahili ninayoyajua, Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ya lugha na fasihi. Makala ya mnyauko wa viazi nitaipeleka wapi, kwa washairi? AfricArXiv, hifadhi ya mtandaoni iliyoanza 2018, ilikaribisha makala za awali, yaani ambazo hazijahakikiwa, hata kwa lugha za Kiafrika. Lakini hiyo kwenye fomu ya tathmini inakaa chini ya michezo.

Dogo wa Kabwe
Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Chini ya michezo 😂😂 Nimekoma, nimeweka Unpaywall.

MamaUgani
Alhamisi, wiki mbili baadaye, saa 3:15 usiku

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Asanteni sana, hasa Mkutubi.

Mwalimu wa chuo alijibu siku ya nne. Alinikumbuka kwa pikipiki. Akanitumia makala, na tasnifu ya yule kijana nimeipata mwenyewe kwenye hifadhi ya chuo chao, bure, ilikuwa humo muda wote nikiwa nanung'unika. Ila kwenye barua yake kulikuwa na mstari ulionikata maini: "Nilidhani mlishapata ule muhtasari wa Kiswahili." Muhtasari upi? Akaambatanisha. Kurasa mbili, Kiswahili kizuri, picha za miche. Aliutuma kwa ofisi fulani, sitaitaja, kwa kupitia ngazi kama anavyotakiwa, pamoja na nakala thelathini zilizochapwa. Nilikwenda kuuliza. Dada wa masjala, Mungu ambariki, alifungua kabati, tukazikuta thelathini zote kwenye bahasha ya kaki haijafunguliwa. Vumbi tu. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilimlaani mtu asiyehusika, angalau kwa nusu.

Mzee wa Njombe, nilisoma makala yote na kamusi pembeni, usiku nne. Mambo mengi si mageni kwa mtu wa ugani, ila yamenyooshwa. Kiazi cha mbegu kinaweza kuonekana kizima kabisa, kimeng'aa, kumbe kimebeba bakteria ndani, hasa kwetu kwenye baridi ambako ugonjwa unajificha. Ukikipeleka bonde lenye joto ndipo kinaanguka. Kumbe wakulima wanaonunua mbegu gulioni kwa kuangalia sura wananunua ugonjwa kwa macho yao. Maotea, yaani viazi vilivyobaki ardhini vikajiotea vyenyewe msimu unaofuata, yanautunza shambani. Jembe na maji ya mfereji yanauhamisha.

Nikaandika ukurasa mmoja kwa maneno yangu, nikataja waandishi chini kama Mkutubi alivyosema, nikatoa kopi themanini Mbalizi. Jumamosi tukafanya mkutano baada ya gulio. Sikusoma karatasi. Nilikwenda na glasi. Nilikata shina la mche uliolegea, nikalitundika kwenye maji safi bila kulitikisa, tukasubiri. Uzi mweupe kama wa maziwa ukaanza kushuka. Watu walinyamaza kimya mpaka nikasikia mbuzi wa jirani. Glasi ile ilifanya kazi kuliko kopi zangu themanini, Mzee una haki ya kucheka.

Kisha bibi akanyoosha mkono, yule yule wa dole gumba. Akauliza swali moja: "Na vile vyangu walivyochukua, vilikuwa na ugonjwa au havikuwa?"

Nikafungua makala. Jedwali limejaa mashamba yetu, lakini kwa namba: shamba la 14, shamba la 15. Majina yamefichwa, na ni haki yafichwe, karatasi aliyoweka dole gumba ilisema hivyo pia. Nikafungua tasnifu, namba zile zile. Mwalimu nimemwandikia tena, anasema daftari linalounganisha namba na majina alibaki nalo kijana.

Nilimwambia bibi sijui. Ameacha matuta mawili ya mbegu hajayagusa, anasubiri.

Mkutubi
Alhamisi, saa 3:50 usiku

Hapo dada umegusa kitu ambacho hata ufikiaji huria haukifiki. Hiyo si makala tena, ni data ghafi. Vyuo vingine vinadai ihifadhiwe mahali pa kueleweka, na yenye majina ifungiwe kando. Ikikaa kwenye daftari la mtu, inahama kazi na mtu. Kijana mwenyewe yuko wapi siku hizi?

MamaUgani
Alhamisi, saa 4:02 usiku

Kaajiriwa mkoa mwingine, mambo ya mbolea. Namba yake nimeipata kwa mwalimu. Nampigia kesho mchana, usiku huu nina bando tu, dakika sina.